Mtungi ulioonyesha mstari ndio uliokuwa umevuja: kisa cha mitungi ya CO2 melini, Kilindini

Usuli

Kisa hiki kinahusu meli ndogo ya mizigo inayozunguka bandari za mwambao na visiwa vya Bahari ya Hindi. Jina la meli, bendera yake, wakala wake na kampuni iliyofanya ukaguzi nimeyaondoa, na idadi ya mitungi nimeibadilisha kidogo. Vipimo vya joto na uzito nimeviacha vilivyo, maana somo lote limo humo.

Meli ilifunga gati Kilindini katikati ya kaskazi, majira ambayo Mombasa hata alfajiri haipoi. Ilikuwa inadaiwa ukaguzi wa mfumo wa kuzima moto chumba cha injini. Mfumo wenyewe ni ule wa kawaida: mitungi ya chuma iliyopangwa safu mbili ndani ya chumba chake sitahani, kila mmoja wa lita 67 na nusu hivi na ujazo wa kilo 45 za CO2, yaani gesi ya kabonidioksidi. Moto ukishika kule chini na wafanyakazi wakashindwa kuuzima kwa njia nyingine, milango na matundu ya hewa hufungwa, watu huhesabiwa, kisha mitungi hufunguliwa kwa pamoja. Gesi iliyohesabiwa ndiyo inayotosha kuufukuza moto katika chumba cha ukubwa ule. Mitungi ikipungua, moto unaweza kulala kidogo kisha ukaamka, na wakati huo meli haina kitu kingine cha kuutupia.

Ndiyo maana Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, limeweka mwongozo kuhusu jambo hili, waraka MSC.1/Circ.1318 wa mwaka 2009, uliorekebishwa 2021. Mitungi ikaguliwe kwa kupimwa uzito au kwa njia nyingine ya kuaminika, na mtungi uliobaki na chini ya asilimia 90 ya ujazo wake ujazwe upya. Kwa mtungi wa kilo 45, mpaka ni kilo 40 na nusu. Kumbuka namba hiyo.

Hiyo "njia nyingine" kwa mafundi wengi siku hizi ni altrasaundi. Ni kifaa cha mkononi chenye kichwa kidogo kinachobandikwa ubavuni mwa mtungi kwa jeli. Kichwa hutuma mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio la mtu, yakapenya ukuta wa chuma. Nyuma ya ukuta kukiwa na gesi, karibu sauti yote hurudi. Kukiwa na kimiminika, sehemu yake huingia humo na mrudio unafifia. Fundi hutelezesha kichwa kutoka chini kwenda juu, na pale mrudio unapobadilika ghafla, hapo ndipo uso wa kimiminika ulipo. Ni kazi ileile ya mtu anayegonga tangi la maji kwa kidole apate kujua maji yamefika wapi. Faida yake ni kubwa: mtungi haung'olewi, viunganishi havifunguliwi, na safu nzima hupimwa kwa muda mfupi. Mtungi uliojaa una uzito unaozidi kilo mia, na ubao wa meli una mteremko. Yeyote aliyewahi kuinyanyua mitungi hiyo mmoja baada ya mwingine anajua kwa nini kifaa hiki kimependwa.

Yaliyotokea

Kampuni ilimtuma fundi kijana, mwangalifu, mwenye uzoefu wa kupima mitungi na matangi ya gesi ya kupikia nchi kavu. Alifuata taratibu za usalama vizuri: alifungua mlango, akaacha feni ifanye kazi, akapima oksijeni kabla ya kuingia, na akafunga kwa pini vifyatulio vya mitungi ili kosa la mkono lisimwage gesi yote. Kisha akasugua rangi iliyobambuka na kutu ya chumvi, akapaka jeli, akaanza.

Kati ya mitungi 24, ni miwili tu iliyoonyesha mstari wa kimiminika. Mmoja ulisoma asilimia 84 hivi ya kimo chake, mwingine asilimia 70. Ile 22 iliyobaki haikuonyesha mabadiliko yoyote, kutoka kitako hadi begani.

Kijana alikuwa na jedwali alilopewa na kampuni. Kwa jedwali hilo, mtungi wa kilo 45 ukiwa kamili mstari wake husimama kwenye asilimia 82, na ukifika 70 ndio umegusa mpaka wa asilimia 90 ya ujazo. Akaandika: mtungi wa kwanza ni kamili, wa pili unafaa ila uangaliwe, mingine 22 haina kimiminika, ishushwe ikajazwe.

Hapo ndipo meli ilipochafuka. Chifu ofisa, msaidizi wa kwanza wa nahodha, mtu wa mwambao aliyeishi baharini muda mrefu, alikataa kusaini.

"Haiwezekani, fundi," alimwambia. "Mitungi ishirini na miwili imwage gesi ndani ya chumba hiki na sisi twaingia kila wiki kuangalia? Tungekuwa tushazikwa."

Hoja yake ilikuwa nzito kuliko alivyojua. CO2 ni nzito kuliko hewa na hulala chini chumbani, na hewa yenye asilimia 10 ya gesi hiyo humwangusha mtu kwa dakika chache. Karibu tani nzima haiwezi kutoka chumba kile bila mtu kujua. Tena meli ilikuwa na karatasi za ukaguzi wa dokyadi, karakana ya kutengenezea meli, uliofanywa bandari ya nchi ya baridi, zilizoonyesha kila mtungi ukiwa na mstari mzuri.

Wakala wa meli kwa upande wake hakutaka hoja. Gati linalipiwa, mzigo ulikuwa umeshapakiwa. "Nipeni cheti ama nipeni bei ya kujaza," alisema, "lakini mnipe leo, jamani."

Niliitwa mchana huo kama msimamizi wa kazi.

Maamuzi, na sababu zake

Njia tatu zilikuwa mezani. Ya kwanza, kushusha mitungi 22 na kuipeleka kujazwa. Ya pili, iliyopendekezwa kwa upole na wakala, ni kutumia vipimo vya dokyadi na kuandika cheti. Ya tatu ni kusubiri hadi alfajiri joto lipungue, kisha kupima tena kwa altrasaundi. Kulikuwa na wazo jingine kutoka kwa injinia: kufunga geji na kusoma mgandamizo. Tulilikataa mapema, maana mradi ndani ya mtungi kuna kimiminika na gesi pamoja, mgandamizo hufuata joto tu. Mtungi nusu na mtungi kamili, kwenye joto lilelile, husoma sawasawa.

Swali la kwanza nililouliza lilikuwa joto la mitungi. Halikuwa limepimwa. Fomu ya kazi haikuwa na mahali pa kuliandika. Tulipima kwa kipimajoto cha ngozi ya chuma: nyuzi 29 za Selsiasi, kwenye mtungi wenyewe wala si kwenye hewa ya chumba, ambayo ilikuwa na joto zaidi.

Nyuzi 29 ilinipa mashaka, ila si kwa ile mitungi 22. Ilinipa mashaka kwa ile miwili iliyopita.

Kwa hiyo niliamua tupime uzito, na tuanze na minne: miwili isiyo na mstari na ile miwili yenye mstari. Chifu ofisa alishangaa kwa nini tunahangaika na ile iliyokwisha kufaulu. Sababu ni kwamba kama kifaa kilikuwa kinadanganywa na joto, kilikuwa kinadanganywa katika mitungi yote, na kuhakiki upande mmoja tu wa majibu yake ni kukubali upande wa pili kwa imani.

Kusubiri alfajiri nilikukataa. Wakati wa kaskazi usiku wa Mombasa hushuka kidogo tu, na mtungi wenye kilo mia na zaidi za chuma na kimiminika hauufuati usiku kwa haraka. Tungepoteza usiku mzima ili tupate nyuzi 28.

Mizani ya kuning'iniza ilihakikiwa kwanza kwa uzito unaojulikana. Tulitumia boriti iliyopo juu ya safu, iliyowekwa kwa kazi hiyohiyo na iliyofunikwa rangi kiasi kwamba serahangi, mkuu wa mabaharia wa sitahani, alilazimika kuisugua kwanza. Kila mtungi ulifunguliwa kwenye bomba lake, ukavishwa kofia ya kulinda valvu, ukanyanyuliwa kidogo kutoka sakafuni, ukasomwa. Uzito mtupu ulisomwa kwenye namba zilizogongwa begani. Hapa pana mtego ambao umewaponza wengi: baadhi ya mitungi uzito uliogongwa haujumlishi valvu. Tofauti ya kilo chache za valvu, katika kazi ambayo mpaka wa kufaulu na kufeli ni kilo nne na nusu, inatosha kupitisha mtungi mbovu. Tulihakiki na kitabu cha mfumo kabla ya kutoa hesabu yoyote.

Ile miwili isiyo na mstari ilitoka na zaidi ya kilo 44 kila mmoja. Imejaa. Ule uliosoma asilimia 84, ulioandikwa "kamili", ulikuwa na kilo 39. Ule wa asilimia 70 ulikuwa na kilo 36.

Baada ya hapo hapakuwa na mjadala tena. Tulipima yote 24, tukafanya kazi hadi usiku.

Kwa nini mtungi uliojaa ulionekana mtupu

Hapa nataka tutulie, kwa sababu nimeona mafundi wazuri wakilisema nusu yake tu. Wanachokumbuka ni nyuzi 31. Ni kweli kwamba juu ya nyuzi 31 CO2 haina tena kimiminika na gesi vilivyotengana. Inakuwa kitu kimoja, hakuna uso wa kutafuta, na hakuna kifaa kitakachouona. Basi wanahitimisha kwamba chini ya nyuzi 31 wako salama. Kwa mtungi uliojazwa kama wa meli, sivyo.

CO2 ya kimiminika hutanuka mno inapopata joto. Kwenye nyuzi 20, lita moja yake ina uzito wa gramu 773 hivi. Kwenye nyuzi 25 ni 711. Kwenye nyuzi 27 imeshuka chini ya 680. Sasa gawa kilo 45 kwa lita 67 na nusu: unapata gramu 667 kwa kila lita ya mtungi. Kimiminika kikitanuka hadi kufikia uzito huo, kinaujaza mtungi wote, na hilo hutokea kati ya nyuzi 27 na 28. Juu ya hapo mtungi kamili hauna nafasi ya gesi. Uso wa kimiminika haupo kwa sababu kimiminika kimegusa dari.

Na kwa vitendo fundi huupoteza mstari mapema zaidi. Kwenye nyuzi 25 mtungi kamili una mstari kwenye asilimia 90 ya kimo, pale ambapo mtungi unaanza kujikunja kuwa bega. Kichwa cha kifaa hakikai vizuri kwenye mkunjo. Zaidi ya hayo, kadiri joto linavyopanda kimiminika kinakuwa chepesi na gesi inakuwa nzito, vinakaribiana, na tofauti ya mrudio inayotafutwa inafifia.

Sasa angalia mtungi uliovuja. Wenye kilo 39 una gramu 578 tu kwa kila lita. Kimiminika chake lazima kitanuke zaidi kabla hakijagusa dari, kwa hiyo kwenye nyuzi 29 bado una nafasi ya gesi juu, na mstari safi kabisa chini ya bega. Katika joto la Mombasa, ndani ya safu moja, mtungi wenye mstari ndio wa kutiliwa shaka. Ukichukua mstari huo ukaupeleka kwenye jedwali la kijana, lililotengenezwa kwa nyuzi 20, unapata jibu la kupendeza: asilimia 84, imezidi hata kamili. Kimiminika kilichopungua kimenyanyuliwa na joto hadi kikapita alama ya mtungi mzima.

Chifu ofisa alitaka kuona kwa macho yake, na nilifurahi alivyotaka. Serahangi akatumwa Liwatoni kwa wauza samaki kuleta barafu. Mtungi mmoja tuliokuwa tumeupima na kuujua umejaa uliwekwa kivulini, ukafungwa magunia ya maji na barafu kuanzia begani. Kuanzia juu, ili kimiminika kilichopoa kishuke na kuchanganya kilicho chini. Chuma kilipofika nyuzi 22, mstari ulitokea, chini kidogo ya bega, mahali hasa ambapo hesabu ilisema ungekuwa. Kijana fundi ndiye aliyeshika kifaa. Aliutafuta mara kadhaa pande tofauti za mtungi, ukawa palepale.

Matokeo

Mitungi 21 ilikuwa na kati ya kilo 44 na 45 na nusu. Miwili, ileile yenye mstari, ilishushwa. Yote miwili ilikuwa ikivuja polepole kwenye valvu. Ilibadilishwa viziba, ikajazwa, ikapimwa tena kabla ya kurudi melini. Mmoja uliobaki, miongoni mwa isiyoonyesha mstari, ulikuwa na kilo 41 na nusu: juu ya mpaka, kwa hiyo umefaulu, ila umepoteza kilo tatu na nusu ambazo haziwezi kutoka bila njia.

Meli ilichelewa. Wakala alilipia gati zaidi, na hakufurahi hadi alipoona gharama ya kushusha mitungi 22, kuijaza gesi iliyokwisha kujaa, na bado kusafiri na miwili mibovu iliyoandikwa mizima.

Uchambuzi

Ingekuwa rahisi kumlaumu kijana, na melini walikuwapo waliotaka kufanya hivyo. Sikubaliani nao. Alifundishwa kwenye gesi ya kupikia. Propani hubaki kimiminika chini ya mgandamizo hadi karibu nyuzi 97, na mitungi yake huachiwa nafasi ya kutosha juu. Hakuna jua la Changamwe wala Shimanzi litakalomfichia mstari. Kifaa ni kilekile, jeli ni ileile, na mkono wake ulikuwa sahihi. Vipimo vyote vilivyotuokoa vilitoka kwenye karatasi yake: aliandika kila alichosoma, mtungi kwa mtungi, na saa aliyosoma. Lau angeandika tu "sawa" na "si sawa", ile miwili isingejulikana upesi.

Kilichofeli ni fomu na jedwali. Jedwali la nyuzi 20 lilitengenezwa kwa dokyadi ya nchi ya baridi, likaletwa bandari ambayo chuma chake karibu hakifiki nyuzi 20 mwaka mzima. Kampuni inayofanya kazi Mombasa bila safu ya joto kwenye fomu ya CO2 haijapima kitu, hata ikiwa na kifaa cha bei gani.

Kilichofaulu zaidi ya yote ni ukaidi wa chifu ofisa. Hakuwa na hesabu, ila alikuwa na akili ya kuuliza gesi imekwenda wapi. Swali hilo linapaswa kuulizwa kila mara kifaa kinapotoa jibu kubwa kuliko linavyoweza kutokea. Lakini niongeze: hoja yake ilitetea mitungi 22 pekee. Kama tungeifuata peke yake, tungepima uzito wa mitungi aliyoitetea, tukaikuta imejaa, tukapeana mikono, na meli ingeondoka na kilo 39 na kilo 36 katika mfumo wa kulinda roho za watu. Uamuzi wa kupima na iliyofaulu ndio ulioleta tofauti.

Jambo moja bado linanisumbua. Mtungi wa kilo 41 na nusu haukuwa na mstari, kama ilivyo mitungi kamili. Na mtungi ambao umebaki na gesi tupu bila kimiminika nao hauna mstari. Kwa hiyo kwenye joto lile, kukosekana kwa mstari kunaweza kumaanisha mtungi umejaa, umepungua kiasi, au umekwisha, na altrasaundi haitakuambia ni upi. Wapo mafundi wanaosema wanaweza kutofautisha kwa nguvu ya mrudio. Sijawaona wakifanya hivyo mara mbili kwa jibu moja kwenye chuma chenye rangi za miaka, na sikubali cheti kinachosimama juu ya hilo.

Tangu kisa hicho, kazi zetu za CO2 zinapangwa hivi. Meli zinazoweza kuchagua wakati tunazipima kwa altrasaundi majira ya kusi, Julai na Agosti, karibu na alfajiri, pale mitungi inaposhuka hadi nyuzi 22 au 23. Joto la ngozi ya kila mtungi huandikwa kabla ya kubandika kichwa, na jedwali linalotumika ni la joto hilo. Chuma kikizidi nyuzi 25, mizani inatoka. Na katika kila ukaguzi wa altrasaundi tunapima uzito wa mitungi michache iliyofaulu, tukiichagua kabla ya kuona majibu.

Ule mtungi wa kilo 41 na nusu uliwekewa alama ya rangi na kuandikwa kwenye kitabu cha meli, na chifu ofisa aliachiwa namba ya uzito wake kamili pamoja na mtungi ili aupime kwa boriti yake mwenyewe kila mwezi. Ukishuka chini ya kilo 40 na nusu, utashushwa bandari yoyote watakayokuwa.